Mstari Mmoja au Miwili

Mama yangu alikuwa akiwaambia watu wa Isansa kwamba binti yake anaandika mambo ya sheli. Hakusema uongo. Programu ninayoitunzia maelezo ni ile ya skrini nyeusi, unaiandikia amri na kompyuta inatekeleza, na wenye kazi hiyo huiita sheli. Lakini kwetu sheli ni mahali pa kujaza mafuta, kwa hiyo kila nikienda nyumbani hakosekani mtu wa kuniuliza dizeli itashuka lini. Nilijaribu kueleza. Nilipoona maelezo yangu yanazidi kuwapoteza, nikaanza kujibu kwamba sijui, na kweli sikujua.

Kazi inayonilisha iko Tunduma, kwenye ofisi ya wakala wa forodha, naandaa hati za malori yanayokwenda na kutoka Zambia. Sheli ni kazi ya kujitolea. Waliotengeneza programu wametawanyika nchi mbalimbali na sijawahi kuonana nao. Mimi natunza kurasa za marejeo za Kiswahili: kila amri ina ukurasa wake, unaosema amri inafanya nini, inaandikwaje, na itakupa jibu gani. Programu ikibadilika, nabadilisha ukurasa. Sikuwahi kujua kama kuna mtu anazisoma.

Msimu wa mvua uliopita nikapata ujumbe wa simu kutoka kwa mwanamume nisiyemfahamu. Aliandika kwamba yeye na mke wake wanafundisha kompyuta kwenye chumba walichopanga Mlowo, na vitabu vyao ni kurasa zangu. Kisha akaandika: "Dada, tunaomba uje. Ukurasa wako wa echo umetugombanisha."

Nilisoma ujumbe ule nikiwa kwenye foleni ya benki, nikarudia. Echo ni amri ndogo kuliko zote. Unaiandikia neno, inalirudisha neno lilelile kwenye skrini. Sikuelewa watu wazima wangegombana vipi hapo.

Jumamosi nikapanda gari la abiria, Noah, hadi Mlowo. Chumba chao kilikuwa ubavuni mwa ghala la kununulia mahindi, na kelele za wapakiaji ziliingia moja kwa moja. Ndani kulikuwa na kompyuta chache za mtumba na mabenchi. Mume alinipokea mlangoni. Mke alikuwa amekaa upande wa pili wa chumba, na hakuinuka mpaka nilipomfuata.

"Karibu dada. Za Tunduma?"

"Nzuri tu, mwalimu. Poleni na kazi."

"Kazi ipo," alisema, akamtazama mumewe. "Mwambie mgeni ulichosema kuhusu wanafunzi wangu."

Mume hakuwa mtu wa maneno mengi. Alieleza kwamba yeye anafundisha asubuhi na mke wake mchana. Wote wawili walifundisha mfano ulioko kwenye ukurasa wangu: unaandika echo, halafu ndani ya alama za nukuu unaweka *Habari\nzenu*. Ukurasa ulisema jibu litatoka kwenye mstari mmoja, pamoja na ule mkwaju, yaani kile kistari kilicholala, na herufi n, kama ulivyoandika. Wanafunzi wa asubuhi walipata hivyo. Wa mchana walipata mistari miwili, *Habari* juu na *zenu* chini, mkwaju haupo. Vijana wakakutana barabarani wakabishana, na asubuhi moja mume akasema mbele ya darasa kwamba wa mchana wamefundishwa vibaya.

"Mbele ya darasa," mke alirudia.

"Nilisema kwa sababu ukurasa unasema hivyo."

"Na mimi nilichokiona kwa macho yangu ni nini?"

Nikaomba wanionyeshe. Mume akakaa, akaandika, akabonyeza. Mstari mmoja. Mke akakaa kwenye kompyuta ileile, kiti kikiwa bado na joto la mumewe, akaandika, akabonyeza. Mistari miwili.

Nikahesabu nafasi, nikaangalia alama za nukuu, nikawaambia warudie. Ilikuwa vilevile. Nikafungua kompyuta yangu niliyokuja nayo, nikijua hiyo haitaniangusha, na yenyewe ikampa kila mmoja jibu lake. Wote wawili walinitazama wakisubiri, na mimi ndiye mwenye ukurasa. Nikasema naomba maji ya kunywa.

Mke alileta chai na magimbi. Nje mtu alikuwa anabishania mizani. Nilimtazama mke akirudi kwenye kompyuta na kuandika tena, taratibu, na safari hii nilitazama vidole vyake badala ya skrini. Hakuandika amri moja kwa moja kama mumewe. Aliiweka ndani ya faili, akahifadhi, kisha akaliendesha faili kwa kutanguliza neno *sh*.

"Mwalimu, hiyo *sh* umeipata wapi?"

"Tulivyofundishwa chuoni. Faili linaendeshwa hivyo."

Nikamwomba aliendeshe tena, lakini mahali pa *sh* aweke jina kamili la sheli yetu. Ukatoka mstari mmoja. Akarudisha *sh*, ikatoka miwili. Ndani ya mashine zile kulikuwa na sheli nyingine, ndogo, iliyojibu jina hilo fupi, na yenyewe huusoma mkwaju na n kama amri ya kushuka mstari. Ukurasa wangu uliieleza ya kwetu tu.

"Kwa hiyo nani yuko sahihi?" mume aliuliza.

"Wote."

"Haiwezekani wote," alisema mke, na mumewe akaitikia kwa kichwa. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana siku ile.

Niliporudi Tunduma nikawaandikia wenzangu wa programu nikiuliza niandike nini. Mmoja alijibu kwamba ukurasa uko sawa usiguswe. Mwingine alisema niongeze tahadhari. Wa tatu alisema marejeo yetu hayapaswi kutaja programu za watu wengine, kisha huyohuyo akapendekeza sentensi inayozitaja. Niliandika nikafuta, wiki nzima nikiwa ofisini natazama hati za shaba na kuona mkwaju na n. Mwishowe nikaandika kwamba jibu hutegemea sheli inayosoma amri, na anayetaka jibu lisilobadilika atumie amri ya printf. Wenzangu wakaipitisha bila swali hata moja, jambo ambalo lilinitia wasiwasi zaidi.

Baada ya hapo mume alinipigia. Alinishukuru kwa kuandika wazi kwamba yeye ndiye alikuwa sahihi. Alikata simu kabla sijamsahihisha. Jioni yake akapiga mke, sauti imechangamka, akasema sasa wanafundisha pamoja, darasa moja, na kwamba mumewe ameusoma ukurasa mpya na hana tena la kubisha.

Nikaifungua ile sentensi nikaisoma kwa sauti, nikitafuta sehemu inayosema hayo. Sikuiona. Nimeiacha ilivyo.