Mshale kwenye Televisheni

Nyumbani mimi naitwa Redio, na jina hilo sikulipata kwa kuimba. Ukinipa habari asubuhi, mchana mtaa mzima unayo. Kwa hiyo dada yangu alipokohoa mpaka akatakiwa kupigwa picha ya kifua, mtu wa mwisho kuambiwa alipaswa kuwa mimi. Akaniambia mimi, maana hakuwa na mwingine wa kumsindikiza.

Tulikuwa kwenye benchi la hospitali. Alinishika mkono mpaka vidole vikaniuma.

"Chiriku akijua, haendi," alisema. "Namjua mwanangu. Ataitupa hiyo safari akae hapa kunipikia uji. Redio, ukifungua mdomo, mimi na wewe basi."

Chiriku ni mwanawe wa pekee, binti mwenye maneno kuliko jina lake. Alikuwa amepata nafasi ya chuo nchi ya mbali, kusomea ufundi wa mitambo. Nafasi yenyewe ndiyo zile zisizosubiri mtu, usipofika siku yake anapewa mwingine. Alikuwa anaondoka Jumapili asubuhi.

Huyo dada yangu ni fundi wa mapazia. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ni meza yake ya kukatia na cherehani yake, na mkasi ambao ukikatia karatasi utakuta nguo zako nje. Huongea pini zikiwa mdomoni, na wateja wake wamezoea, wanamsikia vizuri tu. Ameshona mapazia ya nusu ya mji huu, lakini ya kwetu ni ya mabaki, kipande cha kijani hapa, cha kahawia pale. Mume wake alitoka kwenda kununua balbu na mpaka leo hiyo balbu haijapatikana. Dada hakulia mbele za watu. Alisogeza cherehani karibu na dirisha ili apate mwanga, akamlea mtoto kwa pindo na marinda.

Kompyuta ya mezani aliinunua kwa ajili ya masomo ya Chiriku, ikakaa chumbani kwa Dada mwenyewe. Chiriku naye, mikono haitulii, akaiunganisha na televisheni ya sebuleni bila hata waya. Unachagua filamu kule chumbani, unaitazama huku. Mama yetu, bibi yake Chiriku, aliamini kabisa kwamba filamu zinakaa chini ya kitanda cha Dada. Ila rimoti alikuwa hamwachii mtu. Aliitia kwenye mfuko wa sweta na kwenda nayo popote, hata msalani, eti tusije tukambadilishia.

Jumamosi ile filamu ilikataa kutoka. Chiriku akahangaika, mwishowe akasema, "Basi naituma kompyuta yote kama ilivyo." Maana yake kila kitu kinachoonekana kwenye kioo cha kompyuta, kinaonekana na sebuleni. Dada hakuwepo, alikuwa kwa mteja anatundika mapazia. Tukatazama. Katikati Bibi akaomba isimamishwe aende msalani. Chiriku akaenda chumbani akaisimamisha, akapitiliza jikoni kuchemsha chai. Nikabaki peke yangu na jamaa mmoja mwenye bastola, amesimama mdomo wazi.

Nikasikia mlango wa nyuma. Dada karudi. Hakusalimia mtu, aliingia moja kwa moja chumbani akafunga kwa ufunguo. Nilikuwa najua kwa nini. Hospitali ilikuwa imeahidi kumtumia picha yake siku ile, na simu yake ina kioo kilichopasuka, haioneshi kitu.

Mara kwenye televisheni mshale wa kompyuta ukaanza kutembea. Jamaa wa bastola akafungwa, akatoweka. Mshale ukaenda juu, ukasita, ukarudi. Ulikuwa unatetemeka. Mungu wangu! Nilijua mkono ulioushika.

Nikaruka kutafuta rimoti. Rimoti iko msalani na Bibi! Soketi iko nyuma ya kabati la vyombo, kabati ambalo watu wawili hawalisogezi. Nimwite Dada kwa sauti? Jikoni ni hatua chache, Chiriku angetokea kabla yake. Nikavuta kitambaa cha pazia kilichokuwa kwenye kiti, nikakitupa juu ya televisheni kuifunika. Kikateleza chote mpaka chini. Hizi televisheni nyembamba hazina hata pa kukalisha kitambaa!

Na picha ikafunguka.

Kifua cha mtu kilijaa kioo chote, mbavu nyeupe, na upande mmoja daktari alikuwa amezungushia duara jekundu. Ndani ya duara kulikuwa na kivuli.

"Mama mdogo, unafanya nini?"

Chiriku alikuwa mlangoni na trei ya chai.

"Filamu imeendelea," nikasema.

"Yenyewe?"

"Yenyewe, ndiyo! Yule jamaa kapigwa risasi, wamemkimbiza hospitali. Wewe ulikuwa wapi?"

Nikatanua mikono mbele ya kioo, lakini mwili wangu mnajua wenyewe, ufito. Hauzibi kitu. Bibi naye akaingia, anajifuta mikono kwenye sweta. Akasimama.

Macho yake hayakwenda kwenye duara. Yalikwenda juu, kwenye mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega. Wa kushoto ulikuwa na kibiongo. Dada alipokuwa mtoto alianguka kutoka juu ya banda la kuku, na Bibi akamfunga mwenyewe kwa mkanda wa gauni. Mfupa ukaunga upande. Bibi hajawahi kujisamehe kibiongo kile.

Nikamtazama nikimwomba kwa macho. Akatoa rimoti mfukoni, akazima.

"Mimi filamu za mifupa sitaki," akasema. "Leteni chai."

Alikunywa chai ile nusu ikimwagikia kwenye sweta, na hakuna aliyethubutu kumpa kitambaa.

Nilipoweza kuchomoka nikagonga chumbani. Dada alifungua, uso umemwiva. Nilipomweleza kilichotokea alikaa kitandani kama gunia.

"Ameona?"

"Ameona filamu."

"Ameamini?"

"Ameamini. Mimi si nilisema kwa kujiamini!"

Akanishika shingo, akanivuta kifuani, kwenye kibiongo kilekile. "Wameniambia nianze matibabu Jumatatu," akasema. "Aende tu. Aende, mengine nitayabeba."

Jioni ile ilikuwa ndefu jamani. Tulifunga mabegi, tukala, tukacheka vicheko vya kulazimisha. Bibi alikuwa anamtazama Dada akitafuna. Chiriku hakuongea. Chiriku! Nikasema moyoni, ni uchungu wa safari, na nikafurahi, maana kimya chake kilituficha sisi.

Asubuhi gari likapiga honi. Dada alimuaga mwanawe ndani, hakutaka kutoka kwenye baridi asije akakohoa. Mimi nikabeba begi mpaka barabarani. Nilipolitia garini, Chiriku akanishika mkono, palepale ambapo mama yake alinishika.

"Mama mdogo," akasema polepole, "filamu haina mshale."

Nikalisukuma tena begi lililokwisha kukaa.

"Ile kompyuta niliiunganisha mimi, halafu mnaniambia filamu imeendelea yenyewe! Na ule mtulinga nimeulalia tangu sina meno. Usiku nilifungua begi langu, nikatoa nguo zote. Kisha nikazirudisha." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, mama yake asije akaona kutoka dirishani. "Nisipokwenda, atajua kwamba ni kwa ajili yake, na hatajisamehe. Namjua mama yangu. Mpelekeni Jumatatu. Na usimwambie kwamba najua. Redio, nakuomba."

Akapanda. Akageuka dirishani, akatabasamu lile tabasamu lake la meno yote, akapunga mkono. Gari likaondoka.

Nilirudi ndani miguu haitaki. Dada alikuwa nyuma ya pazia, kalishikilia kwa vidole viwili, kipande cha kijani kikiwa usoni pake.

"Kacheka," akasema. "Umemwona alivyocheka? Hajajua, eh?"

Bibi alikuwa kwenye kiti, anageuzageuza rimoti. Wote wawili walinitazama.

Maneno yalinijaa mpaka kooni. Tangu nizaliwe sijawahi kumeza kitu kikubwa namna ile.

"Hajajua," nikasema.