Siku Rasa Alipokataa Kufunga Mlango

Asubuhi ile tulikuwa tukibishana kuhusu misumari. Rasa, mwanahistoria wa sanaa kutoka Lithuania aliyeniajiri kwenye nyumba yake ya maonyesho pale Sib, mji wetu wa pwani, alitaka kila picha itundikwe chini, usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Wageni aliwatandikia mazulia. Ami Khalfan, mdogo wake baba na mwenye jengo, alicheka.

"We Rasa, picha hizi unawatundikia paka?"

"Nawatundikia nyinyi, Bwana Khalfan. Nani kwenu aliyewahi kunikaribisha kwenye kiti?"

Adhuhuri droni ya kwanza ilianguka bandarini. Vita vya nchi jirani vilikuwa vimevuka maji.

Ami alirudi, hata kukaa hakutaka. "Teremsheni, fungeni. Nna watoto wa watu humu."

Rasa alimsikiliza mpaka mwisho. Alikulia Vilnius, wakati nchi yao ikitawaliwa na wageni. Mwalimu wake wa kwanza alificha picha zilizopigwa marufuku stooni, nyuma ya magunia ya viazi. Kazi yote ya Rasa, vitabu na maonyesho ya nchi tatu, ilianzia kwenye stoo ile.

"Nimesomea kutoa picha gizani," alisema. "Kuzirudisha sijui. Anayeogopa abaki kwake, simlaumu. Mimi nafungua."

Alasiri tukafungua. Mama alikuja na birika la kahawa, majirani wakamfuata, na Ami mwenyewe akaingia akinuna. Wote wakakaa chini, magoti kwa magoti, mbele ya picha. Rasa alisimama kuwaeleza.

Mlio wa droni nyingine, kisha kishindo.

Vioo vya madirisha ya juu vikaingia ndani kwa pamoja.

Vilipita juu ya vichwa vyetu. Tuliokaa tulitoka na mikwaruzo. Aliyesimama alikuwa mmoja.

Nilimshika. Uso wote damu.

"Picha?"

"Nzima."

"Usiteremshe hata moja."

Macho yake hayakurudi. Watu huniambia tungefunga siku ile, Rasa angekuwa anaona. Ni kweli, na hakuna maonyesho yanayolipa macho ya mtu. Yeye mwenyewe akiambiwa hivyo hukasirika, huuliza lini tunafungua tena.

Miaka imepita, na kazi bado anaifanya. Juzi alitaka kujua nyekundu ya picha mpya ikoje.

"Kama komamanga," nikamjibu.

"Komamanga gani? La mlimani Jabal Akhdar au la dukani? Usinidanganye, mwanangu."

Nikarudi kwenye picha, nikakaa chini, nikaitazama upya.