Kamshafti ya Bibi

Sijui nani alithibitisha kwamba muda husahaulisha. Leo harufu ya grisi mpya imenisimamisha mlangoni mwa gereji hapa Songea, nikamwona tena baba, kama alivyokuwa siku ile ya utoto wangu.

Alikuwa ameweka mezani kamshafti mbili, vile vyuma vinavyofungua valvu za injini, kwa ajili ya gari lake kuukuu la mbio lenye viti viwili. Moja ingeipa injini kasi, nyingine nguvu ya kupanda milima taratibu.

"Mzee, chukua ya kasi," fundi alisema. "Hiyo nyingine kafunge kwenye trekta!"

"Mama anaogopa mbio," baba alijibu, akimaanisha bibi yangu. " Nataka akubali kupanda, nimtoe Madaba aje kwangu japo mara moja."

"Umemuuliza?" nilidakia.

"Mama haulizwi hivyo."

Akachukua ya taratibu.

Jumapili bibi alikaa mbele, kuku wa zawadi mapajani, mimi nimebanwa nyuma ya viti. Mlimani, lori lililojaa mahindi likatupita. Bibi akalisindikiza kwa macho, kisha akamgeukia baba.

"Mwanangu, hili gari linaumwa?"

Baba akaegesha kando, akaegemea usukani, akacheka mpaka kuku naye akapiga kelele. Mimi, nyuma yao, niliomba tusifike upesi.