Mbavu za Kiberiti

Dereva aliyemleta yule farasi hakukubali hata maji ya kunywa. Alimteremsha kwenye lori, akamkabidhi Mwalimu kamba, akaondoka kama mtu aliyetua mzigo aliochoka nao siku nyingi. Farasi alikuwa dume la kahawia, limehasiwa, limestaafishwa kwenye mashindano ya mbio ambako halikuwahi kushinda chochote. Ukisimama ng'ambo ya barabara ungeweza kuhesabu mbavu zake. Na alikuwa mwepesi wa kuwaka: mfuko wa plastiki ukipeperuka, anaruka, mlango ukigonga, anaruka. Watoto waliokuja kujifunza kupanda farasi walimwita Kiberiti kabla hajamaliza wiki, na jina likamganda.

Mwalimu alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kusikika uwanja mzima bila kupaza. Nyuma ya nyumba alikuwa na mabanda manne ya farasi na uwanja mdogo wa mchanga, na ndiko alikofundishia. Mumewe alikuwa fundi umeme, mtu wa kutoka asubuhi na kurudi jioni. Mama mkwe wake alihamia kwao baada ya baba mkwe kufariki, akapewa chumba kilichotazamana na mabanda. Mwalimu alimchukua Kiberiti kwa matumaini ya wazi kabisa: amnenepeshe, amtulize, kisha awe farasi wa watoto, maana jike lake la zamani lilikuwa limezeeka.

Alianza vizuri. Alimwita daktari wa mifugo, naye akamkagua farasi mdomoni na kukuta meno ya nyuma yana ncha zilizokuwa zikimkata mashavu kila anapotafuna. Akayasawazisha kwa tupa, akampa dawa ya minyoo, akaeleza mambo ya chakula. Farasi wa aina hii, alisema, unene wake utoke kwenye nyasi na mafuta. Apate nyasi kavu muda wote, tumbo lisikae tupu. Aongezewe pumba, na makapi ya viazisukari, yale yanayobaki baada ya sukari kukamuliwa, yaliyolowekwa mpaka yavimbe, na mafuta ya alizeti yaanze kidogo kidogo. Mahindi na vitu vitamu asipewe kabisa, kwa sababu vitampanda kichwani kabla havijafika mbavuni.

Mwalimu alifuata yote. Kila asubuhi aliloweka makapi, akapima mafuta kwa kikombe, akajaza nyasi kwenye wavu ili farasi azivute polepole. Alimhamishia banda linalopakana na la jike mzee apate mwenzake wa kumtuliza. Akasubiri.

Kiberiti akazidi kuwaka. Mwili uliongezeka kidogo sana, lakini moto uliongezeka maradufu. Alizunguka bandani hadi akachimba mfereji sakafuni, na jasho lililomtoka likayeyusha kile alichokula. Akitolewa nje alitembea upandeupande, macho yamemtoka, shingo imekakamaa kama bomba. Mwalimu akadhani ni mafuta, akayapunguza. Farasi akakonda, moto ukabaki palepale. Akarudisha mafuta, akaondoa pumba. Hakuna kitu. Akabadilisha nyasi, akaagiza nyingine kutoka kwa mkulima wa mbali. Hakuna kitu.

Alimpigia daktari simu mara nyingi mpaka akaanza kuona haya. Siku moja daktari akamuuliza, kwa upole, kama ana hakika farasi hapati nafaka mahali popote. Mwalimu aliudhika. Ghala lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwake. Alikata simu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamtazama Kiberiti, naye Kiberiti akamtazama.

Wapita njia nao hawakumwacha. Uzio ulikuwa wa mbao zenye nafasi, na kila aliyechungulia alikuwa na la kusema. Mmoja aliuliza kama farasi yuko kwenye dayati. Mwingine alimwambia mama mkwe, aliyekuwa ameketi mlangoni akichambua mboga, kwamba katika nyumba hiyo watu wanashiba na mnyama anakufa njaa. Mama mkwe alichukua mboga zake akaingia ndani. Mwalimu alisikia, akajikaza, akaendelea kufagia.

Kisha akaanguka. Alikuwa amempanda Kiberiti uwanjani, jirani akakung'uta zulia ukutani, na farasi akaruka kabla hata vumbi halijatua. Mwalimu alipiga mchanga kwa bega. Mfupa ulivunjika, mkono ukafungwa kifuani, na daktari wa hospitali akamkataza kazi zote. Mumewe akawa analisha asubuhi na jioni kwa maelekezo yake, naye akawekwa chumbani, kwenye kiti karibu na dirisha la kuelekea mabanda, akiwa na hasira ya mtu anayetazama kazi yake ikifanywa na mwingine vibaya.

Hapo ndipo alipoona. Ilikuwa saa za mchana, jua kali, watu wamejipumzisha. Kiberiti alitoa kichwa nje ya banda, akaguna kwa ile sauti ya chini ambayo farasi humtolea mtu anayemletea chakula. Alikuwa amemsikia mama mkwe kabla mlango wa chumba chake haujafunguka. Mama alivuka ua na beseni lililofunikwa kitambaa, akalishikilia kwa mikono miwili hadi farasi alipolamba chini kabisa, akampapasa uso, akarudi. Mwalimu alitoka, akaokota chembe zilizodondoka. Yalikuwa mahindi ya kuchemsha. Yalinata vidoleni kwa sukari.

Jioni alimwambia mumewe. Mume alivua viatu kwa utaratibu usio wa kawaida.

"Zungumza naye wewe," alisema. "Nyie wanawake mnaelewana."

"Ni mama yako."

"Ndiyo maana," alisema mumewe, akaenda kuoga.

Kesho yake Mwalimu aligonga mlango wa mama mkwe, akaketi kwenye kigoda. Maneno alikuwa ameyapanga yote, na sasa mbele ya mama mtu mzima yalionekana makali mno. Mwishowe alisema ameona beseni.

Mama mkwe hakukana. "Nimelea watoto saba," alisema. "Hakuna hata mmoja ambaye watu walisimama barabarani kumhesabu mbavu."

"Najua, mama. Lakini huyu mahindi hayamjengi. Yanamtia wazimu, anazunguka, anatoka jasho, na nyama yote inaondoka nalo. Mimi niliangushwa kwa sababu hiyo."

Hilo la mwisho hakukusudia kulisema. Mama mkwe aliutazama mkono uliofungwa, kisha akaanza kukunja nguo ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa.

"Basi mwanangu, nimekusikia. Kumbe mimi ndiye niliyekuvunja."

Tangu siku hiyo beseni halikuvuka ua tena. Na mama mkwe hakuvuka pia. Chakula alikula chumbani, salamu aliitikia kwa neno moja. Kiberiti aliendelea kutoa kichwa nje kila mchana, akiita, na mlango ule haukufunguka. Mwalimu alikuwa ameshinda, wala hakupata raha yoyote. Alimwomba radhi mara mbili. Mama alisema hana kinyongo, kwa sauti iliyojaa kinyongo.

Farasi lakini alianza kubadilika. Kwanza aliacha kuzunguka. Kisha mgongo ukajaa, nyonga zikapoteza zile kona zake, na manyoya yakang'aa. Mwalimu alimpima kifua kwa futi ya fundi cherehani, mkono mmoja, akilaani kila futi ilipoteleza. Mbavu zilizama moja baada ya nyingine.

Siku moja mumewe alichelewa kazini, na makapi yalikuwa hayajalowekwa. Mwalimu alihangaika na ndoo kwa mkono wake mmoja, maji yakamwagika miguuni, naye akabwatuka peke yake. Mama mkwe alitoka. Alimnyang'anya ndoo bila kumtazama.

"Maji gani haya ya baridi," alisema. "Hata mgonjwa humpi hivi."

Akaenda kuchemsha. Akaloweka kwa maji ya vuguvugu, akakoroga kwa mwiko, akauliza kwa ukali mafuta ni kiasi gani, akamimina kiasi hichohicho bila kuzidisha hata tone. Tangu hapo kazi ya kuloweka ikawa yake. Hawakuongea zaidi kuhusu lile beseni.

Bega lilipopona, Mwalimu alimtandika Kiberiti na kumpanda. Farasi alikuwa mnene wa kutosha, mwenye afya, anayesikiliza. Lakini pikipiki ilipopita nje ya uzio alishtuka na kuruka hatua mbili pembeni, akasimama akitetemeka. Mwalimu alielewa pale juu ya tandiko kwamba huyu hatakuwa farasi wa watoto, leo wala mwakani. Kwa hiyo lile jike zee lingeendelea kuzunguka uwanjani na watoto mgongoni, na yeye angelazimika kutafuta farasi mwingine. Alikasirika hadi machozi yakamlengalenga. Kisha akalegeza hatamu, akamgusa Kiberiti shingoni, wakaendelea na mzunguko.