Rubani Asiyeamkia Hewani

Watu wa ofisini kwetu mpaka leo wakimtaja Nadhira binti Kheir husema hana adabu. Nawasikiliza nimebana meno. Mtoto huyo akitoka kwao Mkunazini asubuhi kwenda kazini alikuwa hapiti baraza yoyote bila ya kuamkia, na bibi wa madirishani walimjua kwa sauti kabla ya kumuona. Hata mimi alikuwa akinipa shikamoo, mimi ambaye kazi yangu ni kupima mizigo na abiria kabla hawajapanda vindege vyetu vidogo. Kosa lake lilikuwa moja tu: akiwa hewani hakumwamkia mtu.

Hapa Unguja uwanja una mnara, na mna watu wanaoiambia kila ndege ipite wapi na itue lini. Lakini wateja wetu wengi ni watalii wanaovuka kwenda mbugani, upande wa bara, na huko kiwanja ni kipande cha udongo kilichofyekwa, kitambaa mlingotini cha kuonesha upepo unakotoka, na askari mmoja wa kufukuza ngiri. Mnara hakuna. Marubani huongozana wenyewe kwa redio, wote kwenye wimbi moja. Anayekaribia anataja yeye nani, yuko wapi, juu kiasi gani na anakusudia nini, na aliye karibu anajibu naye yuko wapi, wapate kupishana. Wakisema wawili kwa pamoja, hasikiki hata mmoja.

Sasa sisi Wazanzibari tupe mahali pa kusemea, uone. Wimbi lile likageuka baraza.

"Shikamoo, Kapteni Wakil!"

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Bi mkubwa hajambo? Na wale wageni wa Pemba washaondoka?"

Kapteni Wakil ndiye mkubwa wa marubani wetu, mvi tupu, na nusu yao kawafundisha yeye. Ukimpita hewani bila ya kumwamkia ni sawa na kumpita mlangoni kwake umegeuza uso. Siku moja Anuar, rubani kijana, alikuwa akimhadithia pilau ya harusi moja huko mtaa wa Amani, jinsi nyama ilivyopungua mpaka bwana harusi mwenyewe akala wali mtupu. Nadhira alikuwa anashuka ndani ya mawingu. Alijitaja, akajitaja tena, asisikike. Alipotoka chini ya wingu, ndege ya Anuar ilikuwa mbele yake, karibu mno, na Anuar yumo ndani bado anacheka na pilau yake.

Kwenye kikao cha marubani Nadhira alisimama, akasema kwa upole kabisa kwamba salamu wapeane chini, na juu kila mtu aseme alipo, basi. Hakumtaja mtu kwa jina. Kapteni Wakil alicheka.

"Ushakuwa Mzungu, mwanangu?"

Kikao kizima kikacheka. Tangu siku hiyo Nadhira akikaribia kiwanja alitaja yanayotakiwa na kunyamaza. Na tangu siku hiyo mzee akamnunia.

Kununa tunakujua sote. Jirani akikununia, sahani ya futari haiji kwako mwaka huo, na dunia inaendelea. Hewani ni jambo jengine. Nadhira akijitaja, Kapteni hajibu. Wanafunzi wake wakamfuata mmoja mmoja, kwa kuogopa kuonekana wako upande wa mtoto wa kike. Anauliza kama kuna ndege karibu na kiwanja, kimya.

"Da Bashira," aliniambia siku moja, "mimi sijui huko mbele hakuna mtu, au yupo kaninunia."

Wakati huo alikuwa anangojea kupandishwa kwenye ndege kubwa ya kampuni. Hilo ndilo alilolitaka maisha yake yote. Baba yake, marehemu Kheir, aliuza shamba lake la Mangapwani kumpeleka kusoma urubani, na alikufa bila ya kuwa na urithi mwengine wa kumuachia. Uamuzi wa kumpandisha ulikuwa mkononi mwa meneja, na meneja wetu, Sabri, hakuwa akiamua kitu bila ya kumtazama Kapteni Wakil usoni kwanza.

Siku lilipotokea jambo lenyewe nilikuwa ndani ya ndege. Mzani wa kule kiwanjani uliharibika, nikawa napeleka mwengine. Abiria hatukuwa nao, ni mimi na yeye tu. Nilivaa visikilizio vya redio, nikamsikia akijitaja tukiwa mbali, akajitaja tena tulipokiona kiwanja. Kimya. Akazunguka pembeni mwa kiwanja kama inavyotakiwa, akatazama kitambaa, akageuka kutua kwa kuukabili upepo. Akajitaja tena. Kimya. Udongo mwekundu ulikuwa umeshatukaribia. Ndipo nilipoiona ndege nyengine kwenye mwisho wa pili wa njia ile ile, pua imetuelekea, nayo inashuka.

Nadhira alitia moto wote wa injini akailaza ndege mkono wa kulia, na mzani ukaniangukia mguuni. Herufi za ubavuni mwa ndege ile nilizisoma bila ya kukaza macho. Ilikuwa ya kampuni yetu. Kapteni Wakil alikuwa ameona uvivu kuzunguka, kaingia moja kwa moja na upepo mgongoni, akatua zake.

Na sisi tuliporudi tukatua, tulimkuta amekaa kivulini chini ya bawa lake anakunywa chai ya chupa. Nadhira alikwenda mpaka mbele yake. Alianza panapostahiki.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba. Ala! Kumbe kuamkia unajua?"

"Ulinisikia nlivyokuwa najitaja?"

"Nlikusikia."

"Tokea mwanzo?"

"Tokea mwanzo."

"Mbona hukunijibu, Kapteni?"

Akamimina chai nyengine. "Mtu anapita hasemi na mimi, mimi ntamjibu nani?"

Wallahi nilitamani kuichukua ile chupa nimmwagie. Maisha yangu yalikuwa yamo katika jawabu moja, na yeye kaliweka mfukoni kwa sababu ya shikamoo.

Tuliporudi Unguja nilikwenda kwa Sabri nikamweleza nilichokiona na nilichokisikia. Alinisikiliza vizuri, akashika kichwa, akasema mzee kakosea sana. Kisha akasema ni mzee. Kisha akasema jambo hili likitoka nje kampuni itafungwa na sote tutakosa kazi, kwa hiyo bora Nadhira amwendee akamuombe radhi, yaishe kama yanavyokwisha mambo ya watu wa nyumba moja. Hapo aliyevunjiwa mlango usiku na mwizi ndiye anayetakiwa amuombe mwizi msamaha, na yeye Sabri hakuona ajabu.

Nyumbani kwao Nadhira nako hakukuwa na nafuu. Mama yake, Bi Kidawa, hakutaka kusikia habari za wimbi wala kitambaa.

"Yule ndiye aliyeshuka kaburini kumlaza baba'ako," alisema. "Utakwenda."

Tukaenda, watatu, mama, mwana na mimi, na sahani ya halua, mpaka Fumba kwenye nyumba mpya ya mzee. Nadhira alipiga magoti juu ya zulia akaubusu mkono wake.

"Kama nlikuvunjia heshima, baba, niwie radhi."

"Nshakusamehe, mwanangu," alisema Kapteni, na akaomba dua, tukaitikia amin. Bi Kidawa alikuwa ameshaanza kufuta machozi. Nami nikadhani yamekwisha.

"Lakini hukunivunjia hapa," mzee aliendelea. "Ulinivunjia mbele ya vijana wangu. Kesho tukiwa juu, wote wanasikia, uniamkie. Na siku zote uniamkie kabla ya kusema jengine."

"Na kama kuna mtu anashuka wakati huo, anataka kujitaja?"

"Atangoja."

"Juu hapana pa kungojea, Kapteni. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Bi Kidawa alimfinya paja, nilimuona. Nadhira akaweka kikombe chini.

"Hapa chini ntakuja kukubusu mkono kila Ijumaa, baba. Juu siwezi."

Mzee alimgeukia mama. "Bi Kidawa, mtoto kakushinda." Halua yetu ilibaki haikuguswa.

Sabri hakumfukuza. Aliacha tu kumpangia safari, wiki baada ya wiki, kila mara kwa udhuru mwengine. Rubani asiyeruka leseni yake inakufa, na ya Nadhira ilikufa. Mama yake hakusema naye mwezi mzima. Sasa Nadhira anauza vitambaa vya mapazia katika duka la mjomba wake, Darajani. Nilimwendea nikamuuliza kama anajuta kukataa. Alisema hajuti, lakini anaumia, na anaumia kila siku akiamka na kukumbuka kwamba hana pa kuruka. Mimi naumia na nina hasira, na sina wa kumtolea.

Mwezi uliopita Sabri aliajiri rubani mwengine wa kike, Ulfat, msichana mkimya aliyemaliza masomo juzi. Asubuhi ya safari yake ya kwanza ya mbugani nilikuwa napandisha abiria wake. Kapteni Wakil alimsogelea pale penye ngazi, akamshika bega kwa mapenzi ya kweli ya mzee.

"Sikiliza, mwanangu. Kule hakuna mnara, tunategemeana wenyewe. Ukikaribia kiwanja, jambo la kwanza, kabla ya lolote, ni kuwaamkia wakubwa zako."

"Naam, Kapteni," Ulfat alisema.

Niliwatazama abiria wakifunga mikanda, nikafunga mlango. Ndege ilikuwa imejaa.