Siku Niliyokwama Korongoni, na Gari la Mkate Nje

Leo nasimulia mwenyewe, maana mkisimulia ninyi mnatia chumvi mpaka nashindwa kujitambua. Ndiyo, ni mimi, Nasim, binti wa fundi saa wa Mji wa Kale Mombasa, niliyetolewa ndani ya jiwe la Uingereza mbele ya kundi la watu na mbwa wao, nimevaa suruali ndefu ya ndani ya kaka yangu. Chekeni tu, nimeshazoea. Ila hiyo ndiyo sehemu nyepesi ya mkasa, na ile nzito huwa nairuka.

Tulikuwa wanne, hapo Wembley, enzi zile Wahindi wa Afrika Mashariki tunamiminika London na masanduku yetu. Kirit alitoka Nakuru, akiendesha gari la kampuni ya mkate; Gurdip, Kalasinga wa Kisumu, alikuwa fundi bomba, akija kwetu kutoka Southall; Wanjiru wa Nyeri alikuwa anasomea unesi; na mimi nilikuwa nashona kola za mashati kiwandani. Kila mmoja na lugha ya mama yake, kwa hiyo tukikutana ni Kiswahili (cha Gurdip kilikuwa cha kuchekesha, na yeye akisema changu ndicho cha kuringa).

Majira hayo ya baridi Kirit alipata habari mbaya. Wazee wake walikuwa bado Nakuru, duka wamenyimwa leseni, pasipoti za Kiingereza wanazo, lakini ruhusa ya kuingia huku wamenyimwa, wakaambiwa wangoje zamu yao. Na wangoje wakila nini? Kirit akaacha kula na sisi, akaacha hata kubishana, na mtu wa Nakuru akiacha kubishana ujue mambo ni mazito.

Basi Jumapili moja asubuhi tumekaa jikoni kwangu, mvua inapiga dirisha, na ukutani kuna kalenda ya duka la nyama yenye picha ya korongo la jangwani, kuta nyekundu zimekaribiana mpaka mbingu inaonekana kama utepe. Kirit akaitazama sana. Akasema, "Baba alikuwa ananipeleka korongo la Naivasha. Yeye mbele, mimi nyuma. Mawe yana joto kama tumbo la ng'ombe."

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyosema wiki nzima! Nikaona hapa hapa, huyu lazima apelekwe korongoni.

"Twende baharini, ni karibu," Wanjiru akasema.

"Bahari gani?" nikamjibu. "Ile yenye rangi ya maji ya kufulia?"

Gurdip akasema vijana wa kazini kwake wanalijua korongo moja huko kaskazini, jembamba, unapita ubavu ubavu, tukiondoka sasa tutafika mchana. Tatizo usafiri. Na hapo mdomo wangu, ambao Mungu aliuumba bila mlango, ukasema, "Si kuna gari la mkate?"

Kirit akashtuka. "Bosi amekataza, Nasim. Ni la kazi tu."

"Leo Jumapili. Tunalitoa, tunalirudisha, limelala pale pale. Bosi wako mwenyewe yuko kanisani."

Akanitazama, akatazama kalenda, akachukua funguo.

Tukaenda, Wanjiru mbele na dereva, mimi na Gurdip nyuma kwenye trei tupu, tunanukia mkate kama sandwichi mbili. Tulipofika, jamani, jangwa liko wapi? Korongo lilikuwepo, kweli, refu na jembamba, lakini giza, kuta zimeota utando wa kijani, maji yanadondoka shingoni, na Waingereza na watoto wao wamepanga foleni utadhani kuna kinachogawiwa. Kirit akagusa ukuta, akautoa mkono, akaufutia kwenye koti. Mimi roho ikaniuma, nikasema haiwezekani tumekuja kote huku kumwongezea huzuni.

Pembeni kulikuwa na ufa. Nikasema, "Tazameni mtoto wa Mombasa, nimekulia vichochoro vyembamba kuliko hivi!" Nikajitia ubavu ubavu, na koti langu zito, na sweta tatu ndani, na chapati nne tumboni. Hatua chache nikaingia vizuri. Halafu sikuingia tena, wala sikutoka.

Kirit akacheka. Wallahi alicheka, nilimsikia, na kwa dakika moja nikafurahi kukwama.

"Toka basi," Gurdip akasema.

"Siwezi."

"Acha mchezo."

"Gurdip, siwezi kupumua!"

Wakanivuta mkono, nikapiga yowe. Wanjiru akaleta kutoka garini samli tuliyobeba na chapati, akanipaka mpaka shingoni, ikaganda kwa baridi. Foleni ikageuka, watu wakaja kutazama. Kibibi mmoja wa Kiingereza akaninywesha chai kwa kijiko, akiniita mwanawe, huku mbwa wake ananilamba samli kwenye vidole. Kumbe mtu ameshakimbia kupiga simu, wakaja wanaume na kamba na taa, wakalikata koti, wakazikata sweta, wakaikata sketi, wakanivuta. Nikatoka kama kifaranga, na watu wakapiga makofi.

Wakaniweka nyuma ya gari la mkate nipate joto, milango wazi, nimefunikwa blanketi, miguu ya suruali ya kaka inaning'inia. Kuna mtu alikuwa na kamera. Mimi nilificha uso tu. Jina la kampuni, lililoandikwa kwa herufi kubwa juu ya kichwa changu, sikulikumbuka.

Picha ikatoka gazetini, na Kirit akafukuzwa kazi.

Nilikwenda kwa bosi wake kumwombea. Nikasema kosa ni langu, gari ni mimi niliyelitaka. Yule bwana akanitazama, akanitambua, akacheka mpaka akakaa chini, akaita na wenzake waje wanione. Halafu akasema hapana.

Kirit hakunilaumu hata siku moja, na afadhali angenilaumu. Alihangaika na vibarua, kisha akahamia Leicester kwa mjomba wake. Ruhusa ilipopatikana, muda mrefu baadaye, ilimkuta mama peke yake. Mzee alikuwa ameshafia Nakuru. Kama mshahara wa mkate ungeharakisha chochote, sijui, na Kirit sijamuuliza.

Nilikwenda Leicester kumpa mama pole. Alinishika mikono yote miwili, akasema kwa Kiswahili chake cha bara, "Wewe ndio Nasim? Kirit aliandika kwa barua, alisema iko siku alikuwa na huzuni sana, marafiki wakamtoa kutembea. Baba yake alifurahi, alisoma hiyo barua mara mingi. Asante, mwanangu."

Kumbe hakuwaambia yaliyofuata. Akanimiminia chai, nikakishika kikombe mpaka chai ikapoa.

Tangu siku hiyo, rafiki yangu akiwa na huzuni namfuata kwake, nafunga mlango, nakaa naye. Akitaka kulia, alie. Simpeleki popote.