Nilisema Bondeni Pamefyekwa

Usiniambie moto ule ni upepo! Huku Mufindi kila mtu anasema upepo, upepo. Na wewe utasema kijana anajitesa bure. Sikiliza kwanza. Ni mimi!

Kijijini kwetu vitongoji viwili tunagawana mlima mmoja wa miti ya paina. Zamani moto ukija kila mtu alikimbilia shamba lake, kesho yake matusi. Mwisho tukakubaliana: kila kiangazi kila kitongoji kifyeke kipande chake cha barabara ya moto, ule ukanda unaoachwa mtupu, moto ukifika ukose cha kula. Na moto ukija, wote tutoke kuuzima.

Mwenyekiti wa kitongoji chetu ni mjomba wangu. Ndiye kanilea. Mtu akimgusa mjomba kanigusa macho.

Sasa mkutanoni Baba Tuli, wa kitongoji cha pili, akasimama. "Mwenyekiti, mwaka jana watu wako walifyeka kama wanachana nywele. Safari hii waje na mapanga, siyo vitana!"

Watu wakavunjika mbavu. Mjomba mwenyewe alicheka! Mimi nikawaka.

Mjomba akaenda Iringa mjini kumuuguza mkewe. "Mpwa, simamia vijana," akaniambia. Nikawasimamia kweli! "Nani akatoke jasho kwa ajili ya yule mwenye mdomo? Wafyeke wao!" Tukafyeka pale juu panapoonekana na wapita njia, kisha tukaenda kunywa pombe ya ulanzi. Bondeni nyasi tukaziacha, zimefika kiunoni, kavu.

Mjomba akapiga simu. "Mmemaliza?"

"Tumemaliza, mjomba."

"Na bondeni?"

"Peupe kama uwanja wa mpira!"

Akawapigia upande wa pili, akawahakikishia. Kwa neno langu.

Moto ulikuja mchana wa jua kali. Mpaka leo hatujui ulianzia shamba la nani. Vitongoji vyote tukatoka na matawi mabichi ya kuuzimia, kama tulivyokubaliana. Baba Tuli akawa anawapanga watu wake: "Nyie wote kilimani! Bondeni wenzetu wameshafyeka, nitakaa mimi peke yangu, niangalie cheche tu."

Akanipita karibu kabisa, akanisalimia. "Kamwene, mpwa wa mwenyekiti! Leo tutaviona vitana vyenu!" Huku anacheka.

Neno moja tu, jamani! Usiende! Lilikuwa hapa mdomoni. Lakini vijana wangu wananitazama, na nikisema, mjomba ataonekana mwongo. Nikalimeza.

Akashuka, moshi umeshaziba bonde.

Moto ulipofika bondeni haukusimama hata kidogo. Tulimkuta baadaye, tawi lake liko chini yake. Sitaki kueleza zaidi.

Kwenye kikao wakauliza nani alisema bondeni pamefyekwa. Mjomba akasimama. "Ni mimi niliyesema." Hakunitazama. Uenyekiti akauacha palepale. Leo tunakula sahani moja, anajua, nami najua kwamba anajua. Hajaniuliza. Heri angenichapa!

Mimi mtu wa kusema sana, nyie! Nasemea watu wote. Hili limenishinda.

Siku hizi kiangazi kikianza naenda bondeni peke yangu na panga. Mama Tuli, mjane wake, ananiletea uji. "Kunywa mwanangu. Kijana mwenye moyo kama wako hayupo hapa kijijini." Nakunywa. Namrudishia kikombe, nafyeka tena. Na nyumbani tunda la paina likipasuka motoni jikoni, pa! namsikia Baba Tuli anacheka: leo tutaviona vitana vyenu. Natoka nje, namsikia hukohuko nje.

Kijana mwenzangu, usijidai unampenda ndugu yako kwa kuwakomoa wenzake. Nilidhani naibeba heshima ya mjomba, kumbe ndiyo niliyoichoma! Wale wa upande wa pili hawakupaona bondeni kwa macho. Walikuwa na neno letu, basi.

Wiki hii tumeitwa tena mkutanoni kupanga ufyekaji. Mama Tuli atakaa mbele, mjomba nyuma kabisa, karibu na mlango. Sijui kama nitasimama.

Na wewe unayenihukumu hapo ulipo, kipande chako umefyeka, au umesema tu?